Koili nne hazifi kwa mpigo

Gereji hii naipa nyota moja, na hiyo moja si ya mwenye gereji. Ni ya kijana wake anayejifunza kazi. Nitamfikia.

Gari lilinizimikia nikiwa kwenye mwendo. Halikukohoa wala kugonga, lilikata tu kama redio iliyozimwa. Nikipiga stata injini inazunguka, betri ina nguvu, lakini moto haushiki. Likavutwa hadi gereji ambayo kila niliyemuuliza aliisifia.

Fundi mkuu, niseme kweli, alianza vizuri. Alichomoa koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa kutoa cheche, pamoja na plagi yake, akaigusisha plagi kwenye chuma cha injini, akamwambia kijana apige stata. Hakuna cheche. Akajaribu ya pili, ya tatu, ya nne, giza tupu. Akachomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari, nayo haikuonyesha kosa lolote. Hapo akaichomoa, akajifuta mikono na kutoa hukumu: "Bosi, koili zimekufa. Zote nne."

Zote nne! Mimi si fundi, lakini taa nne za nyumbani zikizimika kwa pamoja hukimbilii dukani kununua nne mpya, unatafuta umeme umekatikia wapi. Nikamuuliza hivyo, tena kwa adabu: hakuna kitu kimoja kinachozilisha koili zote, fyuzi, rilei, waya wa ethi? Akanitazama juu mpaka chini. "Bosi, kwani wewe umesomea wapi ufundi?" Wenzake wakacheka. Nami kwa aibu nikacheka nao, nikasema haya, weka mpya.

Asubuhi yake nikaambiwa gari tayari. Liliwaka kwa stata moja. Nikalipa, nikamshukuru, nikajiona mjinga kwa kumshuku. Sikufika mbali. Injini ilipopata joto sawasawa, ikakata vilevile, na mimi nimeketi na koili nne zinazong'aa chini ya boneti.

Kurudi pale nikivutwa mara ya pili, mbele ya watu walewale waliocheka, acha tu. Na bwana yule hata hakupepesa. Akasema sasa ni pampu ya mafuta.

Ndipo kijana, ambaye muda wote alikuwa akiosha vyuma pembeni, akauliza kwa sauti ndogo: "Fundi, mbona mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini, haunyanyuki akipiga stata? Na siku ile plagi zilitoka kavu."

"Nani kakuuliza? Lete spana namba kumi."

Akaileta. Lakini mimi lile neno "kavu" lilinikaa kichwani. Fundi alipotoka kwenda kuzungumza na simu, nikamwita kijana pembeni, naye akanieleza kwa dakika chache kile ambacho mkubwa wake hakukijua, au hakutaka kukijua. Kama shida ingekuwa koili peke yake, alisema, kwenye gari nyingi mafuta yangeendelea kumwagwa ndani ya silinda, na baada ya kupiga stata muda mrefu plagi zingetoka zimelowa na kunuka petroli. Zangu zilikuwa kavu. Yaani cheche na mafuta vimepotea kwa pamoja, na moja ya sababu zinazoweza kuviondoa vyote viwili ni kompyuta kutojua kwamba injini inazunguka, hasa mshale usiponyanyuka. Inaambiwa na nani? Sensa ya krenki, kifaa kidogo kinachosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini.

Akachomeka mashine ileile, ila safari hii hakutafuta makosa. Alifungua ukurasa wa vipimo vinavyosomwa papo hapo, akaniambia nipige stata. Injini inazunguka, masikio yangu yanasikia, na mashine inasema mizunguko sifuri. Akaangalia kwanza soketi na nyaya za sensa, nzima. Kisha akachukua chupa ya maji baridi, akaimwagia sensa polepole, tukangoja kidogo. Gari likawaka.

Sensa ile ikipata joto inakata, ikipoa inarudi. Ndiyo maana asubuhi ile liliwaka: lilikuwa limelala gereji usiku kucha likapoa. Koili mpya zilipewa sifa za baridi ya usiku, na mimi nikazilipia.

Fundi akarudi, akasikia injini ikinguruma, akasema, "Eeh, ndiko nilikokuwa naelekea." Naapa alisema hivyo.

Sasa nitende haki, maana hasira imeanza kushuka. Nilipodai koili zangu za zamani alinipa bila ubishi, na moja kweli ilikuwa na ufa, na alama nyeusi pale umeme ulipokuwa ukivuja. Basi hiyo moja nampa, huenda ingenisumbua baadaye. Sensa mpya aliifunga mwenyewe, na kazi yake ya mikono ni safi, kila klipu ilirudi mahali pake. Tangu hapo gari linawaka likiwa la moto au la baridi. Nilikaribia kuandika nyota tatu.

Lakini koili nyingine tatu? Nilipomuuliza alijibu kwamba kifaa kikishafungwa hakirudishwi. Hakusema samahani, wala hakupunguza hata kidogo kwenye kazi ya pili. Mashine alikuwa nayo mkononi tangu siku ya kwanza! Mshale ulikuwa mbele ya macho yake! Angetazama dashibodi wakati stata inapigwa, basi. Kosa ningelisamehe, kila mtu hukosea, ila lile swali la nimesomea wapi bado linanichoma kila ninapogeuza ufunguo.

Nirudi? Labda, siku ambayo kijana yupo peke yake. Nilimwomba namba yake ya simu, na kabla hajafungua mdomo fundi akadakia kuwa namba ya gereji ndiyo hiyohiyo.