Kitulo msimu wa maua kwa gari ya kukodi

Mimi mtu wa Uyole kabisa lakini Kitulo, ile hifadhi ya maua, nilikuwa naiona kwenye status za watu wa Dar, aibu. Mwaka huu mwezi wa pili nikasema basi, nikakodi gari na dereva hapahapa Mbeya mjini, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, tukakubaliana Prado yenye foo-wili, maana maua ya kule yanatoka kipindi cha mvua, Desemba mpaka Aprili hivi, yani ukitaka maua umekubali na matope. Ukienda mwezi wa saba barabara kavu ila maua huyakuti, asubuhi nyasi zina barafu.

Saa kumi na moja alfajiri inakuja Noah. Kupiga simu naambiwa "dada hiyo nayo inapanda tu". Haya. Mpaka Chimala lami, raha, halafu ndo unaanza ule mlima wa Hamsini na Saba wa kwenda Matamba, jina limetokana na kona zake, masikio yanaziba na usiku mvua ilinyesha. Kona ya kumi na ngapi sijui gari ikagoma, ikawa inarudi nyuma taratibu na huku pembeni korongo, tukashuka wanne tukasukuma, raba zangu nyeupe nikaziaga palepale. Dereva lakini apewe maua yake, kijana mtulivu, alishashuka kaweka mawe nyuma ya tairi sisi bado tunapiga kelele.

Juu kule sasa asee. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu na hawajakosea. Uwanda uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, maua mengine marefu ya chungwa utadhani mienge imewashwa, na orkidi peke yake aina 45. Askari wa hifadhi akatuonyesha zile ambazo watu walikuwa wanachimba viazi vyake vinapelekwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha kule, ndo pakaja kufanywa hifadhi 2005. Mi nilidhani orkidi ni ua la saluni kumbe wenzetu kitoweo. Baridi ya Uyole naijua ila ile ya Kitulo ina upepo wake, beba koti la maana, sweta ni utani.

Kudai chenji ya Prado ilinichukua wiki nzima ya kupigiana simu, wakarudisha elfu thelathini kwa kinyongo. Nyota tatu, zote za dereva. Mkikodi taka picha ya gari na namba zake kabla hujatuma hela.