Nyanya za nyumbani Mombasa: chombo kipi ununue, na kipi ukiache dukani

Anayetaka kupanda nyanya nyumbani, jambo la kwanza atakaloambiwa ni anunue kivungulio, lile banda la plastiki la kupandia. Kwa mtu wa Limuru ushauri huo una maana, kwani usiku kuna baridi na plastiki huhifadhi joto. Mombasa joto tunalo la kugawa. Mchana ukipita nyuzi 32 hivi, na usiku usiposhuka chini ya 23 au 24, chavua huharibika na mnyanya huangusha maua. Kuanzia Januari hadi Machi, hiyo ndiyo hali yetu siku nyingi. Kwa hivyo nimepanga vyombo kwa swali moja: kipi kitaipa mizizi nafasi na ubaridi?

1. Ndoo nyeupe ya lita 20. Ni ile inayouzwa tupu baada ya kutoa mafuta ya kupikia. Ndoo moja, mche mmoja; ukitia miwili utavuna majani. Weupe wake hurudisha jua, na maji hayatoroki kupitia ubavuni. Toboa matundu sita chini, ya upana wa kidole. Iliyowahi kubeba rangi ya ukuta au kemikali mwachie fundi. Dumu la njano lililokatwa shingo hufanya kazi ileile kwa bei nafuu zaidi, ila ukingo wake hukata vidole.

2. Chungu kikubwa cha udongo. Kinapendeza barazani, na kwa kuwa kinapumua, mizizi hupoa. Shida ni maji. Mfereji hautoki kila siku, nyumba nyingi zinategemea kisima au boza, na visima vingi vya kisiwani na kando ya bahari vina chumvi. Maji yakikauka kupitia ukuta wa chungu, chumvi hubaki. Utaiona kama ukoko mweupe kwa nje. Ikiwa kisima chako ni cha maji ya chumvi, kwako chungu hiki ni cha mwisho. Na chombo chochote utakachochagua, mwagilia mpaka maji yatoke chini ili chumvi ioshwe, na kinga maji ya mvua ya masika kadiri unavyoweza.

3. Mfuko mweusi wa kuoteshea. Rahisi kwa bei, na agroveti wanao. Usichukue chini ya lita 15, maana ile midogo ni ya miche tu. Weusi wake hupika mizizi, basi uvishe kipande cha gunia au makuti upande wa magharibi.

4. Gunia la kusimama. Sukuma wiki na mchicha hustawi humo. Nyanya zinabanana na kuambukizana magonjwa.

5. Tairi. Jeusi, zito, na kulihamisha ni kazi ya watu wawili. Hapana.

Pesa zilizobaki zitie kwenye kivuli. Neti ya kivuli inayozuia asilimia 30 hadi 40 ya jua, ikining'inizwa juu ya fito nne, ndiyo bidhaa bora kuliko zote katika orodha hii. Muuzaji akikupa ya 70, mrudishie; ile ni ya kuegeshea gari. Acha pande wazi upepo wa kusi upite, kwani maua ya nyanya hujichavusha yakitikiswa. Funga mche kwenye ufito tangu ukiwa mdogo, maana kusi hiyohiyo huuvunja.

Kivungulio cha plastiki, kile cha kawaida cha mita 8 kwa 15, kinamfaa mwenye uwanja Kisauni au Likoni anayelima kwa kuuza. Akinunue chenye kuta ndefu za neti ya wadudu na nafasi ya hewa juu ya paa. Ndani yake pia ningepanda kwenye ndoo: mnyauko wa bakteria ukiingia ardhini hukaa miaka, na banda huwezi kulihamisha. Chenye kuta za plastiki pande zote ni tanuri, hata kipunguzwe bei vipi.

Wa kujaza chombo asichote mchanga wa uani. Changanya udongo mzuri, samadi iliyokwisha kuoza na usumba wa nazi, kwa vipimo sawa. Usumba uloweke na kuumwaga maji mara mbili kwanza, kwani nao huja na chumvi. Mbegu nunua kwenye pakiti yenye stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, ile yenye namba ya kukwangua, na uangalie tarehe. Aina ya Cal J ni fupi na inatosha kwenye ndoo. Anna F1 hurefuka bila kikomo na inafaa kivungulio. Sia mwishoni mwa Aprili, ukiweka miche chini ya paa mvua zikiwa kali, ili maua yafunguke Julai, katika miezi ya baridi yetu.

Unayenunua miche tayari, geuza majani: ukiona vijinzi vyeupe vinaruka, usinunue.

Na wa ghorofani mjue kwamba ndoo iliyoloa hufika kilo 20 au zaidi. Kumi zikikaa pamoja ni kilo 200 au zaidi. Zipange kando, juu ya kuta zinazobeba, si katikati ya sakafu ya paa, na mwenye nyumba aambiwe kabla hamjazipandisha.