Canter yangu na mafundi wawili wa ekzosi, Buguruni na Tabata

Wakuu, kama una Canter au Fuso na unafikiria kugusa ekzosi, soma hii kwanza kabla hujatoa hela.

Gari yangu ni Canter tani 3 na nusu, injini 4D33 ile isiyo na tabo (ile feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa ndani ya injini), napakia saruji Wazo nashusha Chanika, Mbagala na Gongo la Mboto huko. Mafla, lile kopo la kupunguza kelele kwenye ekzosi, ilioza kwa kutu nikaipeleka kwa fundi mmoja maeneo ya Buguruni, akaniambia achana na mafla, tunapiga bomba tupu mpaka nyuma, gari itapumua afu mlio unakuwa wa kidume. Nikatoa laki na nusu. Siku hiyo kiukweli nilifurahi, imesimama pale inaunguruma kama gari kubwa.

Shida ilianza barabarani. Ukifika resi (mizunguko ya injini kwa dakika) kama 1800 hivi, na ukiwa na mzigo Mandela ndo unakaa hapo muda mwingi, kabini nzima inavuma, yaani mvumo mzito unausikia kifuani kabla ya masikioni. Injini ya silinda 4 inatoa mapigo mawili ya moshi kila krenki ikizunguka mara moja, sasa resi 1800 kwa dakika ni mapigo 60 kila sekunde na kwenye bomba tupu hakuna kitu cha kuyavunja, yanatikisa bomba, bomba linatikisa chesisi, chesisi inakutikisa wewe. Na utingo wangu tukawa tunaongea kwa kupiga kelele, nikilala masikio bado yanalia. Jirani yangu mmoja ana kichanga, alikuja mwenyewe kuniomba nisiwashe gari pale saa 11 alfajiri, niliumia sana maana mama wa watu alikuwa na haki kabisa. Na nguvu sikuiona, kilima cha Pugu napanda na gia ileile ya siku zote.

Ndo nikaelekezwa gereji moja ya Tabata. Hapa nataka niseme vizuri maana yule mzee anastahili. Kabla hajashika grainda alisema washa, iache baridi hivyohivyo, akapitisha mkono karibu na kila maungio kuanzia mbele kwenye manifoldi, pale moshi unapotokea kwenye injini. Kumbe ule mlio wa tsi tsi tsi wa asubuhi ambao mimi nilidhani ni tapeti za valvu zinagonga, ilikuwa gasketi ya manifoldi inavujisha, chuma kikipata moto kinatanuka kinaziba ndo maana ulikuwa unapotea. Alafu akanionyesha kwamba yule wa kwanza alichomelea bomba moja kwa moja kwenye chesisi, hakuna hata raba moja ya kuning'inizia! Nusu ya kelele ya kabini ilikuwa inapita hapo.

Kwenye mafla alinipa mbili nichague, ya pamba (ndani imejazwa pamba ya kumeza sauti) na ya vyumba. Mwenyewe akashauri ya vyumba, kwa sababu dizeli ina masizi na pamba ikishashiba masizi au ikiungua mlio unarudi. Ile ya vyumba ndani ina kuta na mabomba yenye matobo, sauti inagonga inarudi inakutana na nyingine zinauana. Upana wa bomba hakuubana.

Jumla laki 2 na 40 na gasketi ndani yake. Sasa hivi gari ina mlio mzito wa chini, ule mvumo wa 1800 umebaki kidogo sana, na nikishuka Pugu na ekzosi breki, ile inayobana moshi ili gari ipunguze mwendo, nasikia ile fyuuu yake safi. Kasoro zipo, aliniahidi siku moja zikawa mbili, na mdomo wa bomba aliuelekeza upande wa watembea kwa miguu ikabidi nirudi augeuze, hakunichaji.

Kingine, usiige mlio uliousikia kwenye Fuso yenye tabo. Ile tabo inakula sehemu ya mapigo kabla hayajafika kwenye bomba, ukitoa mafla unapata na kile kifilimbi, mlio unakuwa mlaini kiasi. Ukifanya hivyohivyo kwenye 4D33 unapata nilichokipata mimi.

Ukienda kwa yule mzee wa Tabata wahi asubuhi injini ikiwa baridi, ikishapata moto ile tsi tsi haisikiki na atakwambia uiache mpaka kesho.