Nimezunguka na kibodi za jukwaani nikitafuta Rhodes na Wurlitzer, haya ndo niliyoyaona

Kama unatafuta kibodi ya kwenda nayo jukwaani na roho yako iko kwenye piano za umeme za zamani kama Rhodes na Wurlitzer, nakuomba kitu kimoja, usianze kwa kuhesabu saundi. Mimi nilianza hivyo. Kibodi niliyokuwa nayo mwanzo ilikuwa na saundi zaidi ya 600, piano za umeme peke yake zilikuwa kama ishirini na zote zina majina matamu, lakini ukikaa nayo ukapiga noti moja kuanzia taratibu ukaongeza nguvu kidogo kidogo unasikia laini, laini, laini, alafu ghafla inaruka inakuwa kali. Hamna katikati. Na piano hizi utamu wake wote uko hapo katikati, kwahiyo kila nikipiga wimbo wa taratibu kuna noti moja lazima itoke kwenye mstari ipige kelele peke yake, nimevumilia hiyo kitu miaka miwili mpaka nikachoka.

Ukijua vile vinanda vya kweli vinavyofanya kazi utaelewa kwanini. Rhodes ndani yake kila kitufe kina nyundo ndogo inayopiga kijiti chembamba cha chuma, kama sindano nene hivi, na mbele ya ncha ya kile kijiti kuna pikapu, kile kifaa cha kunasa sauti, yenye sumaku kama ya gitaa. Ukigusa taratibu kijiti kinacheza kidogo tu unapata ile sauti ya mviringo yenye kengele kwa mbali, ukikandamiza kijiti kinapepea sana mbele ya pikapu na sauti inaanza kukoroma. Ni kitu kimoja kinachobadilika bila ngazi. Wurlitzer yenyewe haina kijiti, ina ulimi wa chuma bapa, na haitumii sumaku, ule ulimi unatikisika karibu na bamba lenye chaji ya umeme. Ndo maana inawahi kuchafuka, ina ukali wa puani kama mtu anaongea, ukipiga kwa nguvu ya kawaida tu tayari inakujibu. Ray Charles alikuwa anaipiga tangu miaka ya 50 na mpaka leo ukisikia noti tatu unajua hii ni Wurlitzer.

Sasa kwanini usinunue ya kweli? Rhodes ya vitufe 73 ina uzito unaozidi kilo 50, vijiti vinakatika, tuning inahama, na uzalishaji wake wa zamani uliisha katikati ya miaka ya 80. Kwa mtu anayebeba vyombo mwenyewe kila wikiendi hiyo habari imeisha.

Kwahiyo nilipoenda kujaribu nilikuwa na majaribio yangu matatu na nilizima efekti zote kwanza, hii ni muhimu sana jamani, zima koras, zima riveb, zima kila kitu, maana viwandani wanazipamba saundi ili zikushike ndani ya sekunde tano. La kwanza ni noti moja mara kumi, kutoka mguso mdogo kabisa hadi nguvu zote, unasikiliza kama kuna mahali inaruka. La pili unapiga kodi, yaani noti nne kwa pamoja, kwa mkono wa kushoto chini kidogo ya C ya katikati, kwa sababu hapo ndo Rhodes mbaya inageuka uji. La tatu unashika kodi unaachia polepole, usikilize inavyokufa. Piano ya kweli ikiachiwa ile felti, kitambaa kizito cha kuzima sauti, inagusa chuma na kuna kasauti kadogo kama kitu kinalala chini, bila hiyo saundi inakatwa kama umezima swichi.

Nord Electro 6 ndo ya kwanza niliyokaa nayo kwa muda. Kwa Wurlitzer na Clavinet (kinanda cha umeme cha nyuzi) nilitamani niondoke nayo palepale, kila kitu kiko mbele yako kwenye batani, na maktaba yao ya saundi unaipakua bure unaijaza mwenyewe kwenye nafasi ya gigabaiti 1 ya piano, kwahiyo kama hupendi Rhodes iliyokuja nayo unaweka nyingine. Ina pia kile kitufe cha kubadilisha rangi ya sauti chenye Dyno, ile Rhodes ya kung'aa iliyotamba mwishoni mwa miaka ya 70. Ila uangalie vizuri unachukua ipi, 6D ina vitufe vyepesi vya mtindo wa ogani na 6HP ndo ina nyundo. Nilijaribu 6D, kwa ogani ni raha tupu, lakini Rhodes kwenye vitufe vyepesi mimi mkono wangu unapotea, napiga kwa nguvu kuliko nilivyokusudia na kila kitu kinatoka kwa sauti moja. Mwenye mkono wa ogani atapenda, mimi nimekulia kwenye piano.

Korg SV-2 ni kibodi ya mtu anayependa hii fani kwa dhati. Haina skrini kabisa! Unazungusha nobu unapiga. Ndani ina vakyumu tyubu ya kweli, 12AX7, na ukiongeza draivu, ile efekti ya kuchafua sauti, kidogo kwenye Wurlitzer unasikia inavyopata joto, haikwaruzi, inanenepa. Kelele za mitambo nazo zimo, ule mlio wa kitufe kikirudi juu. Kama ningekuwa na chumba cha kurekodia na kibodi inakaa hapohapo ningechukua hii bila kufikiri mara mbili.

Crumar Seven hii hawatumii sampuli, yaani sauti zilizorekodiwa, kwa ajili ya piano za umeme, inakokotoa sauti yenyewe unavyopiga, kwahiyo kwenye jaribio langu la noti moja ilizipita zote, hakuna mruko hata ukitafuta. Unaweza hata kubadilisha mahali kijiti kinapokaa mbele ya pikapu, ukisogeza kidogo kengele inapungua na mwili unaongezeka. Nilikaa nayo saa nzima na sijutii. Kilichonizuia ni kwamba mimi nahitaji pia piano kubwa ya kawaida nzuri kwa kazi za bendi, na Seven moyo wake uko kwenye piano za umeme.

Roland RD-88 nitaigusa tu, ni nyepesi kwa kibodi ya vitufe 88 vizito, kilo 13.5, na ina spika zake. Kwa anayetaka kibodi moja ya kufanya kila kitu iko vizuri.

Nikaishia na Yamaha CP73. Kilo 13.1, vitufe vya nyundo ambavyo havichoshi, na upande wa piano za umeme una sehemu yake kamili na draivu yake na tremolo yake (sauti kupanda na kushuka kama wimbi) na feza (efekti ya kuzungusha sauti), kila nobu kazi moja, katikati ya wimbo natupa mkono bila kutazama. Rhodes yake kwenye jaribio la noti moja haijanirukia, ni laini hadi mwisho, na ile kodi ya mkono wa kushoto unasikia noti zote nne. Kama vidole vyako vinataka 88 na vya mbao kuna CP88, ila inafika kilo 18.6 na mimi nina ngazi za kupanda. Wurlitzer yake naipa nafasi ya pili, ile ya Korg ina uchafu mtamu zaidi.

Kuna jambo lilinichanganya wiki ya kwanza na halikuwa kosa la kibodi. Nyumbani kwenye hedfoni ile tremolo ya Rhodes ilikuwa inatembea kushoto kulia, inapendeza mno. Nimefika mazoezini nimechomeka waya mmoja, tremolo imepotea kabisa, nikadhani imeharibika. Kumbe tremolo ya Rhodes za Suitcase, zile zenye spika zake, ni ya stirio, kushoto ikipanda kulia inashuka, sasa zikichanganywa kwenye waya mmoja zinafutana na unabaki na sauti iliyosimama. Kwahiyo kama ukumbi wenu unatumia mono, kwenye efekti achana na ile ya kutembeza pande mbili, chagua tremolo ya kawaida inayopandisha na kushusha sauti yote pamoja, kama ya Wurlitzer. Nimetunga saundi mbili za Rhodes zilezile, moja ya stirio moja ya mono, nimeziweka jirani, nikifika ukumbini namuuliza kwanza fundi wa saundi ananipa njia ngapi.