Samba kati ya Windows XP na Windows 10: uzoefu wangu

Nina kompyuta ya Windows XP nisiyoweza kuitupa, kwa sababu skana yangu haina draiva ya Windows mpya. Picha zikishaskaniwa lazima zihamie kwenye laptopu ya Windows 10. Ruta ni moja, ping inajibu pande zote, ila folda haifunguki. XP inajua SMB1 peke yake (toleo la kwanza la SMB, lugha ambayo Windows hutumia kufunguliana folda kwenye mtandao), na Windows 10 tangu toleo la 1709 la mwaka 2017 haiji tena na seva ya SMB1. Hata ile sehemu ya kufungulia folda za kompyuta nyingine hujiondoa yenyewe ikikaa siku 15 bila kutumika.

Ushauri unaotolewa sana ni kuiwasha tena SMB1 kwenye Windows 10. Sikutaka. Kirusi cha WannaCry, kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kilisambaa mwaka huohuo wa 2017 kupitia SMB1, na laptopu ndiyo ninayozunguka nayo kwenye Wi-Fi za watu.

Badala yake niliweka Samba kwenye kompyuta kuukuu ya Linux ikae katikati. Ni programu ya bure, aliyoianzisha Andrew Tridgell mwaka 1992, na folda moja inafunguka kwa XP kupitia SMB1 na kwa Windows 10 kupitia SMB3. Tangu Samba 4.11 SMB1 huja imezimwa, kwa hiyo kwenye smb.conf (faili la mipangilio ya Samba), sehemu ya global, ongeza:

server min protocol = NT1

Kilichonisumbua hasa ni nenosiri. XP iliiona seva, lakini ikawa inauliza nenosiri, naandika, inauliza tena, na nenosiri ni lilelile sahihi. Kumbe XP hutuma NTLM ya zamani (njia ya Windows ya kuthibitisha nenosiri) wakati Samba inadai NTLMv2, toleo lake la pili. Wengi huilegeza Samba. Mimi niliibana XP. Kwenye XP fungua regedit (programu ya kubadili mipangilio ya ndani ya Windows), nenda HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Lsa, weka LmCompatibilityLevel iwe 3, kisha washa upya. Ikakubali.

Kasoro zipo. Hakuna dirisha la kubofya, kila kitu ni kuandika (testparm hukuonyesha ulipokosea herufi, afadhali). Mtumiaji lazima asajiliwe kwa smbpasswd -a hata kama tayari ana akaunti ya Linux. Na usitegemee seva ijitokeze yenyewe kwenye orodha ya Windows 10. Iwekee anwani ya kudumu kwenye ruta, uandike \\192.168.1.20 au yoyote uliyoipa.

Kwa mwenye XP, naipendekeza bila wasiwasi, mradi XP yenyewe isiguse intaneti. Kama kongwe lako ni Windows 7, usijisumbue: hiyo ina SMB2 tayari. Folda zisipofunguka, angalia kwanza kama mtandao umewekwa kuwa wa umma, au kama akaunti yako haina nenosiri.