Uzoefu wangu: polishi na pedi kwa rangi ngumu ya Mercedes hapa Nakuru

Mwenye gari jeusi la Mjerumani hapa Nakuru anaijua hii hali: jua la saa nane likipiga boneti, unaona mikwaruzo midogo imejipanga duara duara kuzunguka mwanga, na hakuna nta inayoifunika zaidi ya wiki. Vumbi la Bonde la Ufa lina majivu ya volkano ndani yake, na lina makali. Mahali pengi pa kuoshea magari, kitambaa kinachofuta gari lako ndicho kilichotoka kufuta matatu iliyorudi Njoro.

Gari langu ni C200 umbo la W204, limekuja kutoka Japani kupitia Mombasa. Mwishoni mwa 2003 Mercedes ilianza kupaka klia, yaani lile tabaka angavu la juu, yenye chembechembe za kauri ili istahimili mikwaruzo. Inastahimili kweli. Shida ni kwamba mkwaruzo ukishaingia, hautoki kirahisi. Audi na Volkswagen nyingi ni hivyo hivyo. Fundi wa rangi niliyemwonyesha alipapasa boneti akasema, "Bosi, hii si Toyota. Hapa polishi ya kawaida itateleza tu."

Ni kweli iliteleza. Nilianza na mchanganyiko mpole, kama inavyotakiwa: polishi ya kampuni ya Menzerna, namba 2400, juu ya pedi ya sponji ya ugumu wa kati, mashine ya DA (inayozungusha pedi huku ikiitikisa) yenye mzunguko wa milimita 15, kwenye kipande kimoja cha boneti nilichokizungushia utepe. Rangi iling'aa zaidi, lakini nilipomulika kwa tochi mikwaruzo karibu yote ilikuwa pale pale. Nikabadilisha chupa, nikaweka Menzerna 400 ambayo ndiyo nzito, sponji ileile. Ikapungua kama nusu. Kisha nikabaki na hiyo 400 na kubadilisha pedi tu, nikavisha ya maikrofaiba. Kipande kikatoka safi.

Hapo ndipo penye jambo lote, na ndiyo sababu ninaandika. Watu wengi tunahangaikia chupa. Tunauliza kompaundi ipi kali, yaani polishi nzito ya kukata (kukwangua klia kidogo ili mkwaruzo uishe), tunanunua ya pili na ya tatu, na pedi tunachukua yoyote iliyopo dukani. Kwenye klia ngumu pedi ina kauli kubwa kuliko chupa. Sponji ni laini, kwa hiyo mashine inapotikisika sehemu ya mtikisiko inamezwa humo ndani na haifiki kwenye rangi. Maikrofaiba ina nyuzi fupi nyingi, kila uzi unashika chembe za kompaundi na kuziburuta juu ya rangi, na chini yake kuna sponji nyembamba tu isiyomeza kitu. Sufu ya kondoo ya manyoya mafupi inakata vilevile, tena haipashi rangi joto sana kwa kuwa hewa inapita kati ya nyuzi. Mimi sufu naiweka kwa paa na buti, sehemu zilizochomwa na jua zaidi, na maikrofaiba kwingine kote.

Gharama ya maikrofaiba ni usafi. Inajaa unga wa rangi haraka, na ikijaa inaacha kukata, inaanza kupaka tope na kuchemka. Kila nikimaliza eneo la kama nusu mita kwa nusu mita, naipuliza kwa upepo wa kompresa. Pasipo kompresa, brashi ya nailoni inafanya kazi. Nunua pedi nyingi kuliko unavyodhani unahitaji. Pesa uliyotaka kutoa kwa chupa ya pili iweke kwenye pedi, na hutajuta. Mara ya kwanza sambaza kompaundi uso mzima wa pedi kwa kidole hadi kila uzi uwe na kitu, halafu baada ya hapo matone matatu au manne ya ukubwa wa njegere yanatosha. Ukimimina nyingi, pedi inateleza na haikati.

Kingine kilichonisaidia ni alama ya kalamu ya wino pembeni mwa sahani ya mashine, ile inayoshika pedi. Unapofanya kazi, iangalie. Ikionekana inazunguka, pedi inakata. Ikisimama huku mashine inanguruma tu, umebonyeza kupita kiasi au umeinamisha mashine kwenye mkunjo wa mlango, na hapo unapoteza muda na stima. Nenda polepole, sentimita mbili tatu kwa sekunde, pita mara nne hadi sita ukipishana njia, kwenda na kuvuka. Kingo za paneli zivishe utepe. Klia huwa nyembamba hapo.

Namba zilizoandikwa kwenye chupa zinachanganya watu. Kwa Menzerna namba ndogo ndiyo yenye kukata zaidi: 400 ni nzito, 2400 ya kati, 3800 ya kumalizia. Kwa Meguiar's, kampuni nyingine ya polishi, hakuna mpangilio huo. M105 ni kompaundi kali na M205 ni polishi ya kumalizia, basi, na huwezi kulinganisha namba za huyu na za yule. Nimetumia M105 kwenye milango miwili. Chembe zake hazisagiki kadiri unavyoendelea, zinakata kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo unaamua wewe wakati wa kusimama. Inataka eneo dogo na mkono mwepesi. Kwa paneli kubwa ninapendelea 400 kwa sababu inanipa muda mrefu zaidi kabla ya kukauka, na kufuta ni rahisi.

Hatua ya kumalizia kwenye klia ngumu ilikuwa raha. Maikrofaiba inaacha ukungu mdogo, unauona ukiinama na kuangalia kwa ubavu chini ya tochi. Sponji laini na 3800, mwendo wa chini, mkono bila kukandamiza, ukungu wote ukaondoka. M205 ilinipa matokeo ambayo jicho langu halitofautishi.

Kabla ya kusema kazi imekwisha, ondoa mafuta ya polishi, maana yanajaza mikwaruzo na kuificha. Tafuta isopropili safi, ambayo ni aina ya alkoholi, uichanganye na maji. Spiriti ya hospitali usiichukue bila kusoma karatasi yake. Aina nyingine huwa na mafuta ya mbarika ndani, kwa ajili ya ngozi, na ukipaka hiyo unafunika upya kile ulichotaka kukiona.

Fanya kazi asubuhi, kivulini, paneli ikiwa baridi kwa mkono. Nakuru iko juu ya mita 1,800 na jua lake ni kali hata upepo ukiwa baridi. Kisumu ni moto zaidi, na huko kwa shemeji nilianza alfajiri. Yeye ana Subaru Forester, na naitaja kwa sababu inaonyesha upande wa pili. Nilijaribu kipande kidogo kwa ile 400 na maikrofaiba: mikwaruzo ilitoka upesi sana, lakini rangi ikabaki na ukungu mzito. Klia ya Subaru ni laini. Kwake nikatumia M205 na sponji laini tangu mwanzo, na gari likawa zuri kwa hatua moja. Kwa hiyo usichukue mchanganyiko wangu ukaupeleka kwenye gari lolote. Kipande cha majaribio ni lazima kila gari, hata mawili ya kampuni moja, maana moja linaweza kuwa limepakwa upya gereji.

Hilo la kupakwa upya unaligundua kwa geji ya kupimia unene. Rangi ya kiwandani mara nyingi husoma kati ya mikroni 100 na 150 jumla, na klia ndani ya hizo ni kama 40 hivi. Yangu ilisoma kati ya 110 na 130 karibu kote, isipokuwa bampa ambazo ni plastiki na geji ya kawaida haizisomi. Mlango wa nyuma kulia una mkwaruzo ambao ukucha unakwama ukiupitisha. Ningeweza kuufuata hadi uishe. Nimeulainisha kingo zake na kuuacha, kwa sababu klia iliyobaki ndiyo inayoilinda rangi dhidi ya jua hili, na gari hili nataka nibaki nalo.