Duka la dawa za mifugo Uyole: walipima kwanza, sindano hawakuniuzia

Mwezi uliopita ng'ombe wangu Neema alipunguza maziwa kwenye chuchu moja, ya nyuma kushoto. Nikaenda duka lililo karibu na njiapanda ya kwenda Tukuyu, nikaomba OTC (oksitetrasaiklini, sindano ya antibiotiki) kama nilivyozoea kuuziwa kwingine. Kijana wa dukani akaniamkia, kisha akauliza, "Mama, kiwele umekipima?" Sikuwa nimepima. Akabeba vifaa vyake tukaenda nyumbani.

Zizini alimwaga michirizi ya kwanza, akakamulia maziwa ya kila chuchu kwenye kibao chenye vikombe vinne, akaongeza dawa inayofanana na sabuni ya maji, akazungusha. Vikombe vitatu vilibaki vyepesi. Cha nne kilivutika kama mlenda. Akanieleza kwamba seli nyeupe za damu zimeingia kiweleni kupambana na bakteria. Dawa ile inazipasua, na vinasaba vyake ndivyo vinavyofanya ute.

Ndani ya seli hizo, akasema, ng'ombe ana silaha zake mwenyewe: vipande vifupi vya protini viitwavyo peptidi. Mojawapo, indolisidini, ilielezwa na watafiti mwaka 1992 kutoka seli nyeupe za ng'ombe, na ina asidi amino (vijenzi vya protini) 13 tu. Ina chaji chanya, na utando wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo inaunasa na kuuvuruga. Nimefuga miaka 11 na sijawahi kuelezwa hivyo! Nikauliza mbona haiuzwi kwenye chupa. Akajibu kwamba hupasua hata chembe nyekundu za damu, ndiyo maana kuifanya dawa ni kazi ngumu.

Maziwa hayakuwa na mabonge, Neema alikuwa anakula na hana homa, basi hakuniuzia antibiotiki. Aliagiza nimkamue wa mwisho, nimalize maziwa yote, nichovye chuchu kwenye aidini. Siku ya kumi alirudi kupima, kikombe cha nne kikawa chepesi kama vingine. Mwaka jana kwa sindano za kukisia nilimwaga maziwa siku zote za kusubiri dawa iishe mwilini mwa ng'ombe, watoto wakanywa chai ya rangi.

Mpimaji ni mmoja tu, nilimsubiri karibu saa mbili, na Jumapili wanafunga. Bodaboda unalipa wewe, kwenda na kurudi, kwa hiyo mpatane na dereva kabla mpimaji hajapanda.